Chupa Zisizo na Uzi

Niboye, Kigali
2 Juni 2024

Wifi yangu Aneth,

Salamu nyingi kwako na kwa kaka yangu Laurean. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi tu. Goti lako je? Bado linalalamika kabla hujainuka?

Boksi nimelipokea stendi ya Nyabugogo, chupa zote ishirini za dawa yetu ya wadudu ni nzima, kila moja na uzi wako mwekundu shingoni. Hapa kibandani Gisimenti nimeshakuwa kichekesho cha mtaa. Mteja akija namimina tone kijikoni, naonja mbele yake kama ulivyonifundisha, na uso unajikunja kwa uchungu wa mwarobaini. Namwambia ni mwarobaini, kivumbasi, vitunguu saumu na pilipili, basi. Wifi yangu ameonja huko Karagwe ndipo akafunga uzi, na mimi naonja hapa. Wanacheka, wananunua.

Lakini lipo la kukuchekesha. Jirani yangu Alida, yule anayekaribia kujifungua, kaja na chupa tupu: "Kellen, mende haikufa, irienda tu kwa jirani. Mimi nataka kuiona imerara miguu juu." Nikamwambia jirani mwenyewe ni mimi, na kweli wamenijia. Wengine nao wanasema hivyo hivyo. Wamezoea dawa za dukani, wanataka maiti. Nifanyeje?

Wifi yako anayefuga mende wa Alida,
Kellen


Kayanga, Karagwe
16 Juni 2024

Wifi mchokozi,

Hujambo? Goti limesikia umeliulizia, limeringa siku mbili. Kaka yako mzima, anakusalimu na anasema unywe maji ya tangawizi.

Mwambie Alida dawa yetu ni ya kufukuza, si ya kuua. Mende anachukia harufu, anahama. Afagie makombo, asiache vyombo vichafu vilale, nyufa za jikoni azizibe kwa udongo uliochanganywa na majivu. Akifanya hivyo mende hana la kurudia.

Ila nimekusikia. Miezi minane ya kusimama hapo Gisimenti ukionja uchungu, halafu tupoteze watu kwa sababu ya maiti za mende? Haiwezekani. Nitaiongezea nguvu kidogo. Niachie mimi.

Wifi yako,
Aneth


Niboye, Kigali
7 Julai 2024

Wifi yangu fundi,

Salamu za furaha. Alida amejifungua mtoto wa kike, anaitwa Ihirwe. Wote wazima, na mimi mafua yameniachia.

Umeniweza. Chupa hizi mpya, mende wanalala miguu juu hapo hapo. Alida ameniita nishuhudie, akawafagia kwa heshima zote. Nimempulizia mwenyewe kuzunguka kitanda cha mtoto, mbu wasimsumbue. Aliniuliza kama haina ubaya kwa kichanga, nikaonja mbele yake.

Chupa hazikuwa na uzi hata moja. Nikajua uzi umekuishia, nikanunua hapa mwekundu kama wako nikafunga mwenyewe, maana wateja wangeuliza. Na hii umeweka nini, pilipili kichaa? Harufu imebadilika, na ulimi ulikufa ganzi hadi nikashindwa kumtania Alida. Nikasema hiyo ndiyo nguvu yenyewe.

Wifi yako mwenye ulimi mzito,
Kellen


Kayanga, Karagwe
21 Julai 2024

Wifi Kellen,

Hujambo? Hongera kwa Alida. Sisi wazima.

Ni kweli, uzi uliniishia. Sasa nakuomba kitu kimoja, acha kuonja. Pilipili nimezidisha, na meno yetu ya umri huu si ya kuchezea. Mteja akitaka uhakika, mwambie anuse. Kwa mtoto wa Alida usipulize tena, harufu kali si nzuri kwa kichanga. Goti haliniruhusu kukaa sana kuandika.

Wifi yako,
Aneth


Niboye, Kigali
25 Agosti 2024

Aneth,

Salamu zifike kwa kaka yangu. Mimi si mzima.

Barua yako ya meno ilinichekesha. Nilisema wifi amezeeka, nikaendelea kuonja. Tarehe 3 walisimama wateja watatu kibandani, mmoja akasema dawa inayoua mende vile haiwezi kuwa majani. Nikaona anakutukana wewe. Nikajaza kijiko, nikameza chote.

Mate yalinitoka kama mtoto anayeota meno, jasho likanimwagika, mikono ikatetemeka, macho hayaoni mbali. Nimelala hospitali siku nne. Daktari aliwatoa watu wote chumbani akaniuliza kwa upole kwa nini nimekunywa sumu, kama kuna tatizo nyumbani. Nikamjibu kwamba sijanywa sumu, nimeonja majani ya wifi yangu. Akanusa chupa, akasema hii ni dawa ya kupulizia mashamba. Nilimbishia, Aneth. Nikiwa na mpira wa maji mkononi nilimbishia mtu aliyesomea, kwa ajili yako.

Ihirwe amepimwa, hana kitu, Mungu ni mwema. Alida alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Urionja mbere yangu." Tangu siku hiyo hanisalimii.

Nimesoma tena barua yako ya Julai. Ulijua. Ulijua na ukanitajia meno.

Simu zako nimeziona, sipokei. Mkono ulioandika ya meno uandike na hili.

Kellen


Kayanga, Karagwe
8 Septemba 2024

Wifi yangu,

Sijui nianze na salamu ipi. Pole.

Ni kweli. Nilinunua kopo duka la pembejeo, nikaweka mfuniko mmoja kwa ndoo nzima. Nikajiambia ni kidogo, haitadhuru mtu. Uliandika wanataka maiti, nikaogopa kibanda kitakufa. Ukaandika umepuliza kwenye kitanda cha mtoto, sikulala vizuri tena, lakini kukiri nilishindwa. Laurean hajui hadi leo.

Uzi haukuniishia. Sikuonja chupa zile, kwa hiyo sikuufunga. Uongo huo ulinishinda. Nilidhani ukiona chupa hazina uzi utaelewa, utanibana, nami nitasema. Wewe ukafunga wako.

Nitachemsha upya, majani matupu. Nisamehe.

Wifi yako, kama bado,
Aneth


Niboye, Kigali
22 Septemba 2024

Aneth,

Natumaini kwenu wazima. Mikono yangu imetulia.

Uzi nilifunga mimi, hilo ni langu. Nimewazungukia wateja mmoja mmoja nikawaambia kwa mdomo wangu, chupa nimezikusanya, kibanda nimefunga. Lakini nilifunga kwa sababu nilikuamini. Ulikuwa na kalamu mkononi, ukaamua kuzungumza nami kwa uzi ambao haupo. Hilo linaniuma kuliko sumu yenyewe.

Chemsha, kisha uilete mwenyewe. Jumamosi tarehe 5 Oktoba nitakuwa Nyabugogo na kijiko. Uonje wewe kwanza, mbele yangu na mbele ya Alida. Nilimwomba mara tatu, amekubali kuja. Ukimeza, na mimi nitameza, na yataishia pale pale. Laurean sijamwambia, nakuachia wewe.

Wifi yako ukija,
Kellen


Niboye, Kigali
6 Oktoba 2024

Aneth,

Msalimie kaka yangu.

Basi la kutoka mpakani Rusumo liliingia saa nane mchana. Tulisimama mimi na Alida, Ihirwe mgongoni kwake, wabeba mizigo wakitusukuma huku na huku. Abiria walishuka wote. Kila mwanamke aliyeshuka kwa kuburuza mguu nilidhani ni wewe. Dereva akazima gari, kondakta akanipa boksi dogo lenye jina langu.

Barua hamna. Chupa moja, na uzi mwekundu shingoni, mafundo mawili kama unavyofunga siku zote.

Alida aliutazama ule uzi, akanitazama mimi. "Kellen, tugende," akasema, akanishika mkono hadi Niboye.

Chupa iko mezani hapa ninapoandika. Labda ni majani matupu. Labda uliionja kweli, ukakunja uso. Zamani uzi huo ungenitosha. Kijiko nimekirudisha na vingine, sikuwa na haja ya kukiosha.

Kellen