Bogenvilia ya Mama Nyongesa

Jericho, Nairobi
14 Januari 1995

Kwa kaka yangu Kyule,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila moyo wangu unachemka.

Unaikumbuka ile bogenvilia marehemu mume wangu aliyopanda mlangoni? Kavinya alitaka siku ya harusi apite chini ya maua ya baba yake. Wiki moja kabla, matumba yamejaa, jirani yangu Mama Nyongesa akaifyeka yote kwa panga. Eti miiba inararua mashuka yake kwenye kamba! Mtoto wangu alipita chini ya vijiti vitupu akilia. Simsamehe, haki ya Mungu.

Nyongesa wake anaoa Agosti, na mlangoni kwake pia iko bogenvilia. Machi huyo mama anaenda ushago, kijijini kwao. Wewe umefanya kazi ya bustani miaka thelathini. Nikateje nimharibie?

Dada yako mwenye uchungu,
Nthoki

Kangundo
2 Februari 1995

Dada mpendwa,

Barua nimepata. Mgongo unasumbua, lakini chai nakunywa. Kavinya mpe pole.

Haya, sikiliza. Kata kabla mvua ndefu haijaanza. Panga wacha, tumia makasi niliyokuachia. Matawi makubwa yafupishe mpaka kiunoni, kila moja ukate juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea. Vijiti vyembamba na vilivyokauka toa vyote. Usione huruma. Agosti ataona.

Kaka yako,
Kyule

Jericho
28 Agosti 1995

Kyule,

Salamu sina. Huo mgongo na ukuume.

Nilikata vile ulisema, nikicheka peke yangu. Sasa mlango wa yule mwanamke hauonekani kwa maua! Watu wametoka mpaka mtaa wa Tena kuja kupigwa picha hapo. Akanikumbatia mbele ya mchungaji: "Mama Kavinya, nimeambiwa ni wewe ulinikatia. Kumbe umenisamehe!" Nikaketishwa meza ya mbele. Nikala keki yake, Kyule!

Ulijua wewe. Ulitaka tupatane.

Lakini umenifunza. Ukikata kabla ya mvua, maua yanazidi. Ukikata matumba yakishajaa, hupati hata moja. Binti yake anaolewa tarehe tisa Desemba. Mwisho wa Novemba anaenda ushago tena, na ameniomba mimi nimtunzie maua yake mpaka arudi.

Nimekubali. Makasi nimeshayanoa.

Dada yako,
Nthoki