Namba ya Mama Iliyohamia Tunduru

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi ukungu mzito na baridi. Neti ya kitalu inadondosha matone ingawa mvua hakuna.

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikalisoma tena. Nilizoea kulisema, sikuzoea kuliandika.

Naandika kwenye daftari hilihili ulilokuwa ukilicheka. "Editha anaandika hadi ukungu, kama vile Mungu atakuja kumwuliza." Leo kuna kazi imeisha, nami nimechoka, na sijui mwingine wa kumwambia.

Kitalu kipo. Neti ilichanika upande wa jirani, nimeishona. Hapa Lizaboni mwaka huu baridi imewahi, miche inakua polepole. Miparachichi niliyoibebesha mwenyewe, kijiti cha mti mzazi juu ya mche, bila mkono wako juu ya mkono wangu, mingi imeshika. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Sasa lile la ukurasa wetu wa video mtandaoni.

Unakumbuka siku tulipoufungua? Ulikataa nikuchukue uso. "Sura yangu ya nini? Mti haubebeshwi kwa sura." Basi nikachukua mikono yako na sauti yako, na watu wakakuita Mama Miche bila kukuona. Ukurasa ulipodai namba ya simu, nilitaka kuweka yangu. Ukasema nibadilishe, kwa sababu mimi nilikuwa napoteza laini kila mara. "Weka yangu. Namba ya mama haipotei."

Mama, ilipotea. Ulipofariki tulizima simu yako tukaiweka kabatini, kwa sababu kila ilipoita sote tulikuwa tunainuka. Hakuna aliyekumbuka kwamba laini isiyotumika hupewa mtu mwingine. Halafu mwezi wa nne simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kumwagilia, ikafa na kila kilichokuwemo. Nikanunua nyingine. Nilipotaka kuingia kwenye ukurasa wetu, ukaniambia umetuma tarakimu za siri kwenye namba yako.

Video zote zilikuwa humo tu. Sauti yako yote ilikuwa humo. Sina pengine ilipobaki.

Niliwaandikia wenye mtandao. Jibu lilikuja na jina langu juu na maneno ya mashine chini. Nikaandika tena, likaja lilelile. Mwisho nikapiga namba yako. Nilitegemea isipatikane. Ikaita, Mama. Ikaita kama zamani, nikasimama.

Akapokea mwanamume, mtu mzima, yupo Tunduru. Nikamwamkia, nikajieleza, nikamwomba anisomee tarakimu atakazotumiwa. Aliniacha nimalize. "Binti, maneno hayo mwaka jana yaliondoka na hela yangu ya korosho. Katafute mjinga mwingine, Tunduru tumeshaamka." Akakata.

Sikuweza kumlaumu. Wewe mwenyewe ulikuwa unawauliza matapeli, "Baba yako anajua unafanya kazi hii?"

Siku zilizofuata nilifanya kazi za kitalu tu. Namwagilia, najaza viriba udongo, naingia ndani, nalala mchana kama mgonjwa. Watu walikuwa bado wanaandika chini ya video, niliwaona kupitia simu ya jirani: Mama Miche, mbona kimya? Sikuweza kuwajibu, na hata nilipokuwa naweza, sikuwajibu. Sikuwahi kuandika pale kwamba umekufa. Kila nikianza, naona mikono yako inazungusha nailoni ya kufungia mche uliobebeshwa, naacha.

Kisha mzee yule akanipigia mwenyewe. Hakusalimia.

"Ulisema mama yako alikuwa anauza miche?"

"Ndiyo, baba."

"Ya parachichi?"

"Ndiyo."

"Basi njoo umchukue mama yako! Tangu nisajili laini hii naitwa Mama Miche. Nina ndevu mimi, nina wajukuu. Alfajiri naamshwa na mtu wa Mbinga, eti Mama Miche, majani yanajikunja, nifanyeje? Nitajuaje? Mimi najua mikorosho!"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Naye akacheka. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia.

Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Na mimi siku zote nawaambia amesafiri."

Akakubali kunisomea tarakimu. Zilipoingia hakuziona bila miwani. Akamwita mkewe, mkewe akazisoma taratibu kama anasoma tangazo la msiba, muda ukapita, zikakataa. Tukarudia. Mara ya tatu mlango ukafunguka. Kabla hajakata mzee aliuliza, "Wakiendelea kupiga, niwaambie nini?" Nikamwambia nitamjulisha.

Tangu hapo nimekuwa natengeneza tovuti. Yetu wenyewe, Mama, yenye jina la kitalu chetu. Nilikumbuka lile shamba la kukodi la Mjimwema, nilipotaka kupanda miparachichi mpakani. Ulinizuia. "Shamba la kukodi panda mahindi, panda maharage. Mti usipande. Mwenyewe akikuondoa, hutaubeba mgongoni." Nami nilikuwa nimepanda miti yetu yote kwenye shamba la mtu.

Kazi yenyewe nimeifanyia kwenye steshenari moja ya Mfaranyaki, yenye kompyuta na intaneti isiyokatika sana. Dada wa pale alinishangaa. "Dada Editha, si uziache video hukohuko? Watu wote wapo huko." Nikamwambia ule ukurasa nitauacha uendelee, utakuwa mahindi. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kueleza. Hata tovuti ina malipo yake ya kila mwaka, kama kodi ya kiwanja. Lakini jina ni letu, na video nimezinakili pembeni, kwenye diski niliyoifunga ndani ya kitenge chako.

Kilichonichosha si kompyuta. Ni kusikiliza. Kila video nilitaka iwe na maelezo chini yake, ili anayekosa bando la kutazama aweze kusoma, kwa hiyo nilikusikiliza neno kwa neno, nasimamisha, naandika, narudisha nyuma. Wiki nzima unaongea sikioni mwangu. Kuna mahali unasema, "Editha, sogeza simu, unachukua kidole gumba tu." Ningeweza kupaondoa. Nimepaacha.

Leo asubuhi nilifungua tovuti kwa watu wote. Sentensi ya kwanza inasema Mama Miche amefariki, na hapa pana aliyotufundisha. Sentensi hiyo ilinichukua muda kuliko video zote.

Kisha nikamtumia mzee wa Tunduru jina la tovuti na namba yangu. Mchana akanitumia sauti: "Binti, leo kanipigia mtu wa Namtumbo. Nimemwambia Mama Miche ametangulia, ila maneno yake yapo, na binti yake yupo. Nimekosea?"

Hakukosea.

Likabaki jambo moja: kuitoa namba yako kwenye ule ukurasa, niweke yangu, mzee wa watu apumzike. Ukurasa ukaniuliza kama nina uhakika. Nikaweka simu mezani, nikatoka nje.

Ile miche iliyoshika ilikuwa inasubiri kufunguliwa. Nikachukua wembe, nikaanza mstari wa ukutani, nakata nailoni moja moja kwa nyuma kama ulivyonionyesha. "Ikishika, fungua. Ukiionea huruma nailoni, mti utajinyonga." Pale zilipokuwa zimebana pamebaki alama, lakini mti umeungana. Nikamaliza mstari wote. Nikanawa mikono, nikaingia ndani, nikabonyeza ndiyo.

Basi, Mama. Pumzika. Kitalu nitakitunza, na atakayeuliza kuhusu majani yanayojikunja nitamjibu mimi, nikishindwa nitakusikiliza tena kisha nimjibu. Na nakuahidi hili: mtu akiniuliza uko wapi, sitamwambia umesafiri.

Nalala saa tatu na dakika kumi usiku.

Mwanao,
Editha