Mabega ya Ndugu wa Mwene

Jumatano, Juni 1929

Mabega bado yanawaka. Mke wangu ameyakanda kwa maji ya moto.

Ukoo wetu haubebi mizigo. Baba alikaa mkono wa kuume wa Mwene, mtawala wetu, nami nikarithi nafasi hiyo. Leo mpagazi mmoja ametorokea Saza kwenye machimbo ya dhahabu, na machela ya kumbebea Bwana Shauri, mzungu wa serikali, ikapungukiwa mtu. Mwene akanitazama mbele ya baraza lote.

“Shika wewe, ndugu yangu.”

“Mwene, mimi ni wa nyumba yako.”

“Ndiyo maana nimekuchagua. Mgeni mkubwa abebwe na mtu mkubwa.”

Wakacheka, hata wale ambao jana walinipigia magoti. Nikambeba mzungu hadi mtoni na kurudi, naye amelala chali akivuta kiko.

Nyumbani nikamkuta baba wa mchumba wa mwanangu amesimama mlangoni. Nilimpa kiti, akakikataa.

“Tuliahidi binti kwa nyumba ya Mwene,” akasema. “Kwa mpagazi hatuozi.”

Mwanangu alisikia yote. Amejifungia, hali chakula.

Nilitumaini Mwene angeniita tuyamalize. Jioni ametuma mjumbe kweli. Bwana Shauri amenisifu kwamba simtikisi kama wale wengine, na kesho anataka nimbebe tena akiteremka Kamsamba bondeni, mwendo wa siku nyingi kwenye joto.

Nimemjibu mjumbe kwamba nitafika alfajiri.