Pikapu Iliyopita Kanisa

Wacuka uko? Nimetoka kwa nyanya Drusilla sasa hivi na bado siamini.

Si unajua babu Bogonko alikuwa dereva wa shamba la chai huko Mogogosiek? Basi 1974 alitumwa na pikapu apeleke bibi harusi kanisani. Bibi harusi ni nyanya. Bwana harusi ni MTU MWINGINE, anaitwa Kebaso.

Asubuhi ya baridi, wakafika kona ya kanisa, usukani ukakataa kuzunguka. Mzito kama jiwe. Wakapita kanisa. Wakalipita kabisa, Kebaso amesimama mlangoni anaangalia.

Babu akaenda moja kwa moja, kona ndogo ndogo akizilazimisha, mpaka Sotik kwa fundi Mureithi. Fundi akashika mkanda wa pampu ya usukani, mzima. Akachovya kidole kwenye mafuta ya pawa stering, akanusa.

"Nani ametia mafuta ya kupikia hapa? Na hii baridi yameganda."

Babu akamwuliza, "Kwani mafuta si mafuta?"

Kurudi saa nane, Kebaso ameshaenda kwao, anasema ametorokwa. Wazee wakakaa, wakaamua aliyempitisha bibi harusi kanisa ndiye amuoe. Wacuka, ALIYEMPITISHA.

Nyanya akakubali, mradi siku ya harusi waende kwa miguu.