Neno Lililotoka Shimoni

Kiwanda cha Chokaa,
Karibu na Salaita,
Jumapili, 9 Septemba 1956

Baba yangu mpendwa, Mzee Mwanzia,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nilipofunga sanduku langu na kuondoka Ikutha. Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, na natumaini kifua chako kimetulia tangu baridi ilipopungua. Je, yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mama bado anakwenda mtoni mwenyewe au amekubali kusaidiwa? Mimi ni mzima, isipokuwa mahali pale mnapopajua, na hata hapo kidonda kimefunga.

Mbithe dada yangu, najua karatasi hii iko mikononi mwako na Baba amekaa anasikiliza. Soma polepole, wala usiruke mahali ukidhani patamuudhi. Akiudhika mwache audhike, kisha uendelee.

Baba, utauliza kwa nini nimekuandikia Kiswahili kama karani, na sisi tuna lugha yetu. Sababu ni kwamba Silvanus amekaa hapa kitandani kwangu, anamenya muwa na kuyatupa maganda mlangoni. Ndiye yule Mtaita uliyeniandikia habari zake. Nataka asikie kila neno ninalolisema juu yake, na ningeandika Kikamba angefikiri namteta. Wewe Kiswahili ulikipata kwa taabu, ulipobeba mizigo ya vita vya Wajerumani katika nyika hii hii. Mlima wa Salaita uliotusimulia tukiwa wadogo, ule wa kiu, nauona kila nikitoka nje kunawa uso. Ni mdogo kuliko ulivyotuambia, lakini kiu ni ile ile.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Umesema Katunge, mke wa mwenzetu wa kambini, alipita nyumbani akawaeleza jinsi nilivyoumia. Umesema mbaazi zikishaingia ghalani kithitu, kile chombo chetu cha kiapo kinachoua, kitaletwa, na utaapa mbele ya wazee kwamba Silvanus alinimwagia mawe kwa kusudi, ili aanguke yeye na nyumba yake. Baba, nimeisoma mara nyingi na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ndiyo maana naandika kwa haraka, barua iwahi treni ya Voi ya kesho. Kithitu hakina huruma na anayekosea. Ukiapa juu ya jambo ambalo halikuwa hivyo, hakitapanda milima kwenda Ronge kwa kina Silvanus. Kitarudi kwetu, kwa watoto wa Mbithe. Kwa hiyo nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Lazima nianze na mashine, maana bila kuijua hutaelewa neno. Hapa tunachoma mawe ya chokaa. Yakishavunjwa madogo, lazima yapande mpaka mdomo wa tanuri, na tanuri ni refu kama mibuyu miwili. Hakuna mtu wa kuyabeba. Kuna mnyororo mnene wa chuma uliozungushwa kwenye magurudumu mawili yenye meno, moja chini shimoni na jingine juu kabisa. Kwenye mnyororo zimefungwa ndoo za chuma, moja nyuma ya nyingine. Upande mmoja zinapanda zimejaa, juu zinapinduka na kutupa mawe kwenye mfereji wa tanuri, na upande wa pili zinashuka tupu zikiangalia chini. Sisi tunaiita Jongoo kwa sababu ya ile miguu yake mingi.

Fundi wetu ni Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe, mkali, lakini ukimuuliza anakueleza. Alinifundisha kwamba Jongoo hataki haraka wala uvivu. Akienda polepole, mawe hayarukii mfereji, yanadondoka yanarudi chini. Akienda mbio, mawe yanang'ang'ania ndani ya ndoo, yanapitiliza mdomo na kushuka tena upande wa pili. Alisema pia tusiache ndoo zichimbe mawe kwenye lundo kama jembe, zitatoboka. Mawe yateremke kwenye ubao yaangukie ndani ya ndoo zenyewe. Mnyororo nao unarefuka kwa kazi kama mshipi wa ngozi, ndiyo maana kule chini kuna skrubu mbili za kuukaza. Nilipenda kuyajua mambo haya. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mashine hii niliielewa kuliko hesabu zote za mwalimu.

Sasa sikiliza hatari yake. Upande wa kupanda umejaa mawe na wa kushuka ni mtupu. Injini ikizimika, ule uzito wote unataka kurudi chini, na mnyororo unakimbia kinyume. Kinachouzuia ni kucha ya chuma kule juu, inayong'ata meno ya gurudumu. Kucha hiyo ilikuwa imevunjika tangu Februari. Mnyapara alituambia tukazie gogo la mti kati ya ndoo na ukuta mpaka kucha nyingine ije. Tulinung'unika, tukakazia gogo.

Siku niliyoumia, mkanda wa injini ulikatika Jongoo akiwa amejaa. Tukakaza gogo, nikashuka shimoni na beleshi kuondoa mawe yaliyomwagika. Silvanus alibaki juu yangu, kwenye mdomo wa shimo, ameshika toroli lililojaa. Desturi yetu ilikuwa hivi: aliye shimoni akishamaliza na kutoka, anapaza sauti "Weka!", na aliye juu anamwaga mawe kwenye ubao ili kazi ianze tena. Mimi sikuwa nimetoka. Nikasikia gogo linalia. Nikatazama juu nikaona toroli limeinama na vijiwe vimeanza kudondoka. Nikampigia kelele aache. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, zaidi ya mara moja. Naye akamwaga toroli zima. Mawe yakaangukia ndoo zilizokwisha kujaa, gogo likakatika, Jongoo akarudi kinyume, na ndoo ikanibana mguu wa kushoto kwenye ukuta. Daktari aliukata chini ya goti.

Mpaka hapo Katunge alikuambia kweli. Ni kweli pia kwamba mimi na Silvanus tuligombana wiki hiyo, maana sote wawili tuliitaka kazi ya kuangalia injini. Aliniita mla mbaazi mbele ya watu, nami nikamwambia Wataita wana vichwa vigumu kwa sababu wanateremka milima yao kwa kichwa. Watu walicheka, sisi hatukucheka. Lakini kuna jambo ambalo Katunge hakukuambia. Aliyeruka shimoni wakati mnyororo bado unakimbia, akatia mtaimbo kwenye meno ya gurudumu mpaka ukasimama, alikuwa Silvanus. Kiganja chake kilichunika chote. Asingefanya hivyo ningebaki humo.

Hospitali ilikuwa huko juu milimani, na Silvanus alikuja kila Jumapili, kwa lori kisha kwa miguu. Mimi niligeukia ukuta. Mama yake, Mama Wakio, aliniletea kimanga cha maharagwe na ndizi zilizopondwa pamoja, kimefunikwa kwa jani, na nikamwambia nesi akile yeye. Mama Wakio akasema si neno, atapika tena, na akapika tena. Jumapili moja Silvanus hakuvumilia. Aliniuliza kwa hasira, mbele ya wodi nzima, kwa nini nilimwambia amwage na hali sikuwa nimetoka. Nikamwita mwongo. Nikamwambia nilikuwa namkataza na yeye alinisikia vizuri. Akasema alinisikia vizuri sana, na ndiyo sababu alimwaga. Akaondoka bila kuaga, nami nikasema moyoni, nikipata nguvu nitamfuata mpaka Ronge.

Baba, sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Kwenye kitanda cha karibu nami alilazwa mzee mmoja wa kwetu, kutoka pande za Mtito Andei, aliyeungua mgongo. Asubuhi moja nesi Edith, msichana wa Kitaita mwenye mdomo mwepesi, alikuwa anamsafisha kidonda. Dawa ilipomchoma, mzee akasahau Kiswahili chote, akapiga kelele, "Eka! Eka!" Nesi Edith akashika kiuno, akamuuliza, "Niweke nini tena, baba? Si dawa nimeshaweka?" Akachukua pamba akaongeza nyingine. Mzee akazidi kulia eka, nesi akazidi kuweka, na wodi yote ikacheka mpaka wenye mishono wakashika matumbo.

Mimi sikucheka. Nililisikia lile neno likitoka shimoni kwa sauti yangu mwenyewe.

Kwa sababu hilo ndilo nililolisema, Baba. Sikusema "acha." Nilisema "eka," acha ya Kikamba, kama Mama alivyokuwa akituambia tulipochezea moto. Kumbe mtu akishikwa na hofu, lugha aliyoajiriwa nayo inamkimbia na ya mama yake inabaki. Na Silvanus, ambaye tangu aanze kazi anangoja kusikia "Weka" ndipo amwage, alisikia "Weka." Nilivyozidi kumkataza ndivyo nilivyozidi kumwamuru.

Nilinyamaza na jambo hilo kwa siku kadhaa. Nakueleza kwa ukweli kwamba niliona aibu. Ni rahisi zaidi kuwa mtu aliyeonewa kuliko kuwa mtu aliyevunjwa mguu na neno lake mwenyewe. Halafu Jumapili ikafika na Silvanus hakuja, akaja mama yake peke yake na kimanga. Nilikila chote, nikamwomba amwambie mwanawe aje. Alipokuja nikamweleza. Alikaa chini sakafuni, akashika kichwa. Kisha akasema, "Kimeu, miezi yote hii watu wananiita muuaji kambini kwa sababu ya W moja?" Hatukujua tucheke au tulie, na tulifanya yote mawili. Nesi Edith akatufukuza tukacheze nje.

Kwa hiyo, Baba, ukiapa kwamba alifanya kwa kusudi, utakuwa umeapa uongo bila kujua, na mimi niliyejua nikinyamaza nitakuwa nimeua nyumba yetu. Kithitu kirudishwe kwa mwenyewe kabla hakijafunguliwa. Waambie wazee kwamba mwenye mguu amekataa. Wakisema nimerogwa au nimelishwa kitu na Wataita, waambie ndiyo, nimelishwa kimanga, na ni kitamu.

Nilipotoka hospitali waliniambia nipande treni nirudi nyumbani. Nilikataa. Nilimwambia mnyapara sitaondoka hapa mpaka Jongoo apate kucha, na kama hanitaki anibebe mwenyewe mpaka stesheni. Silvanus akasimama nyuma yangu, na wale wa toroli nao wakasema hakuna atakayeshuka shimoni tena kwa kutegemea gogo. Mnyapara alitutukana, lakini kazi ya injini nimepewa mimi, maana ni ya kukaa. Silvanus hakuigombania. Kalasinga alitengeneza kucha mpya kwa reli ya zamani, mimi nikaketi nikisugua meno ya gurudumu kwa tupa mpaka mabega yakafa ganzi. Tulipoijaribu tulijaza ndoo zote, tukavua mkanda, tukarudi nyuma. Jongoo alitikisika kidogo, kucha ikalia "ka!", akasimama. Hakurudi hata upana wa kidole. Kalasinga alishika ndevu zake akasema chai iletwe.

Neno la "Weka" tumeliondoa kabisa. Sasa kuna kipande cha reli kinaning'inia mlangoni kwa injini, na kingine kule shimoni. Pigo moja ni kusimama, mapigo mawili ni kumwaga. Wataita, Wakamba, Wajaluo, wote wanasikia sawasawa.

Nimechoka, Baba, sikufichi. Gongo la mti linanichubua kwapani na vumbi la chokaa linakula macho. Lakini mnyororo mpya utafika mwezi ujao, na nimeahidi kuwafundisha wawili wengine kuulinda kabla sijaondoka. Sitaki mtu mwingine ashuke humo akiwa na gogo na bahati tu.

Nisalimie Mama kwa moyo wangu wote, mwambie asilie juu ya mguu, bado ninao mmoja na nautumia. Wasalimie watoto wa Mbithe, kila mmoja kwa jina lake. Mama Wakio wa Ronge anamsalimu Mama ingawa hawajuani, na anauliza kama kwetu ndizi zinaota.

Mimi nitafika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kwa lori la Kibwezi, jioni. Sitakuwa peke yangu. Sanduku langu litabebwa na Silvanus, ambaye ameapa kwamba hataingia boma lako mpaka wewe mwenyewe umwite. Anakaa usiku anajifunza Kikamba, na mpaka sasa analijua neno moja tu. Mbwa wakimrukia pale mlangoni utamsikia akilipaza. Tafadhali, Baba, yeyote aliye karibu na asiweke kitu.

Mwanao,
Kimeu Mwanzia