Safu Niliyosimama Guilin

Dada Mwanaidi,

Nimerudi kutoka Uchina tangu Jumanne na bado sijafungua sanduku. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Smithfield, hapa Sydney, kabla sijaenda kazini, kwa sababu kuna jambo nimelifanya kule kwa jina lako na siwezi kulibeba peke yangu.

Safari ile uliitaka mwenyewe. Tulikuwa tukiwalisha wazee wetu kule kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawe unanionyesha kwenye simu milima ya Guilin, ile iliyosimama mmoja mmoja kandokando ya mto. Ukasema tutakwenda na kundi la Waislamu, chakula halali, nafasi ya kuswali imepangwa. "Nawe Furaha utakula bila kuniuliza uliza ni nyama gani." Ulipofariki nilitaka kuacha. Binti yako Zuhura ndiye aliyekataa. Alinipa mtandio wako wa kijani, akasema niende nikaione kwa niaba yako.

Basi nikauvaa uwanja wa ndege. Kiongozi wetu, Hajati Rohana, Mmalesia wa makamo anayeishi hapahapa Sydney, akanisalimu: Asalamu aleikumu. Nikaitikia kama nilivyozoea kukuitikia wewe. Akanikumbatia, akaniita dada. Hapo ndipo ningesema kwamba mimi ni Mkatoliki, mtoto wa Uvira kule Kongo. Sikusema. Tangu tukuzike hakuna aliyeniita dada. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake tukapelekwa kwenye msikiti wa zamani. Wenzangu wakatawadha, nami nikatawadha nikimtazama kwa kuibia aliye kando yangu. Nikasimama kwenye safu. Wanainama, nainama, kila mara nimechelewa kidogo. Baada ya swala Hajati akawaeleza kwamba nimeondokewa na rafiki, na kwamba safari hii ilikuwa yake. Akaniomba nikuombee dua, wao waitikie. Mikono ikafunguliwa. Wakaningoja.

Dada, sikuwa na hata neno moja. Nililia tu, nao wakadhani ni uchungu. Ilikuwa aibu.

Wewe ulipokuja kanisani siku ya ubatizo wa Espérance wangu, sisi tukipiga magoti ulibaki umekaa, na padri alipokuja kukusalimu ulimwambia, "Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto." Hukujificha. Mimi nikajificha ndani ya nguo yako.

Siku ya kupanda boti mtoni nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Hajati alipokaa, akimenya chungwa.

"Hajati, mimi si Mwislamu. Nimewadanganya."

Hakuacha kumenya. "Tunajua," akasema. "Tangu chakula cha kwanza. Ulifanya ishara ya msalaba kabla ya kugusa sahani. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe."

Wote walijua! Hata pale msikitini, wakiwa wamenifungulia mikono. Nikamuuliza kwa nini basi aliniomba dua mbele ya watu. Akasema rafiki ni wangu, nani mwingine angemwombea; ningeomba hata kwa lugha ya kwetu, wangeitikia. Akanipa nusu ya chungwa. Nikaishika tu mkononi. Ile milima uliyoitaka ikapita kushoto na kulia, mimi nikitazama viatu vyangu. Ndiyo maana siwezi kukusimulia ilivyo. Nisamehe hilo pia.

Sasa kuna picha. Mmoja wetu alinipiga nikiwa kwenye safu, nimeinama, nami mjinga nikamtumia Zuhura jioni ile, kabla ya boti. Ameniandikia kwa Kiingereza chake kama kawaida kwamba amelia kwa furaha, kwamba mama yake daima aliniombea nisilimu. Sikujua kama uliniombea. Hukuniambia hata siku moja. Anasema ataituma picha kwa bibi yake Tanga, na siku tatu hizi sijamjibu. Najua nikimwambia ukweli, nitamnyang'anya kitu kingine baada ya kukupoteza wewe.

Leo nikitoka zamu nitapita kwa Zuhura, kabla mama yako hajaanza kunishukuru kwa nisichokifanya. Nitamwambia mimi mwenyewe, ana kwa ana. Akilia, nitakaa naye mpaka anyamaze. Akinifukuza, nitarudi tena kesho. Hilo nakuahidi.

Na ile dua niliyokunyima, nimekuombea asubuhi hii kwa sala ya Baba Yetu, maana ndiyo niliyo nayo.

Pumzika, dada yangu.

Furaha