Sabuni za Bibi Agneta

Jumamosi

Bado nina aibu. Leo jumuiya yetu ya kanisa ilimtembelea Bibi Agneta kule kijijini Sikuda, aliyelala kitandani tangu avunjike nyonga. Tulisali, tukampa sabuni kama kila mwezi.

Rozari yangu ilianguka. Nilipoinama kuiokota, niliona chini ya kitanda vipande vyote vya miezi iliyopita, havijaguswa.

"Sabuni niko nayo, mwanangu," akasema. "Maji ndiyo sina. Jirani ananiletea ya kunywa tu."

Nilimchotea mtungi mmoja kisimani, nikamwogesha. Alinishukuru mpaka nikashindwa kumtazama.

Sasa niko huku mjini. Kesho kanisani watatangaza kwamba jumuiya yetu imemhudumia. Maji ya kumwogesha hiyo kesho, sijui nani atayachota.